Kiboko Aliyerefuka kwa Juma Moja

Paukwa.
Pakawa.
Palikuwa na nini?
Palikuwa na maji.
Maji ya nani?
Ya wote.
Nani kayakalia?
Mwenye makalio.
Haya, sogeeni, niwaeleze alivyoinuka.

Hapo zamani, katika nyika ya Chamkunga, palikuwa na dimbwi. Nasema dimbwi. Halikuwa ziwa, wala halikuwa bwawa. Lilikuwa dimbwi, juu ya kiinuko kidogo, limezungukwa na ukingo wa udongo na matete. Ndani yake alikaa Kiboko mmoja tu, na yeye aliliita Ziwa Kuu.

Mwaka huo mvua ilikosekana. Vijito vikakauka, visima vikakauka, hata umande ukaadimika. Maji yakabaki Chamkunga peke yake. Swala akija kunywa, Kiboko hufungua kinywa. Pundamilia akija kunywa, Kiboko hufungua kinywa. Nyani alikuja kunywa, Kiboko akafungua kinywa, na Nyani hakurudi kwao na mkia mzima.

Chini ya kiinuko, upande wa mashariki, aliishi Mama Digidigi. Alikuwa amejifungua siku chache tu, na maziwa yake yalikuwa yamekatika. Mtoto alinyonya, akaacha, akalia. Alinyonya, akaacha, akalia. Siku ya tisa hakulia tena. Alilala tu, kinywa wazi.

Jirani yao alikuwa Sange. Wengi humwita Sange panya, na wanakosea. Panya ana pua fupi, na huiba. Sange ana pua ndefu kama mrija, na haibi. Huwaacha watu wampe wenyewe. Alimtazama mtoto yule, akapeleka pua huku, akapeleka pua kule, kisha akaenda kwa Ngiri.

"Mjomba Ngiri, una kazi?"

"Nina kiu. Hiyo ni kazi tosha."

"Nichimbie shimo hapa chini ya ukingo. Liwe pana, liwe na mteremko upande mmoja ili hata mtoto afike. Ulisiribe kwa udongo wa mfinyanzi, lisivuje."

"Shimo la nini? Maji yako juu, na juu yuko yule."

"Yule hatoki kwenye maji. Basi yatatoka maji."

Ngiri alicheka mpaka vumbi likamwingia puani. Lakini alichimba, kwa sababu mtoto wa Digidigi alikuwa amelala mbele yake, na hapo hapakuwa na cha kucheka.

Ijumaa alasiri shimo lilikuwa tayari. Sange akapanda ukingoni, akakaa juu ya tete moja.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

Kiboko hakufungua macho. "Marahaba. Ukinywa, nakumeza."

"Sinywi. Nimekuja kukuaga."

"Unakwenda wapi?"

"Mimi siendi. Ni wewe. Yule Kiboko kijana wa Mto Mkunguni, ambao nao umekauka, anasema siku akija hapa utatoka mwenyewe bila kusukumwa. Kila asubuhi anafanya mazoezi. Tumbo hana. Anauliza habari za ziwa lako."

Kiboko akafungua jicho moja. "Kakuuliza wewe?"

"Kaniuliza. Nikamwambia ziwa ni zuri, ila mwenyewe ni mnene kidogo."

Jicho la pili likafunguka. "Mnene?"

"Kidogo, nilisema."

Kiboko akajitazama, yaani alitazama sehemu aliyoweza kuiona, ambayo ilikuwa pua. "Sasa wataka nifanye nini? Nikakimbie nyikani kama punda? Nikitoka, mtaingia."

"Hasha. Usitoke hata hatua moja. Haya ni mazoezi ya nyumbani. Ni makali, lakini ni ya nyumbani."

"Sina nafasi. Juma langu limejaa."

"Limejaa nini, Bwana Mkubwa?"

"Jumamosi napokea salamu. Jumapili napumzika baada ya salamu. Jumatatu nina kikao."

"Na nani?"

"Peke yangu. Jumanne nayafikiria yale ya kikao. Jumatano napiga miayo, na mwayo wangu mmoja huchukua asubuhi nzima. Alhamisi nalalia ubavu wa kushoto. Ijumaa, kama unavyoona, wa kulia."

"Kweli umebanwa," Sange akasema, na hakutabasamu. "Ndiyo maana mazoezi haya hayaondoi shughuli yoyote. Yanaingia katikati. Kati ya salamu na salamu, ruka mara ishirini. Kati ya mwayo na mwayo, ruka mara ishirini. Ukibadili ubavu, ruka mara arobaini. Uelekee magharibi, mgongo mashariki, wala usigeuke nyuma. Anayegeuka nyuma hupata kibiongo."

"Ni hayo tu?"

"Maneno ni matatu. Ruka. Tua. Pumua. Na ule sana, maana mazoezi yanataka chakula."

Hilo la mwisho ndilo lililomshawishi.

Jumamosi Kiboko akaruka. Akatua, chubwi. Wimbi likapanda ukingo wa mashariki, likamwagika upande wa pili, pwaa. Kiboko akapumua, fyuuu.

Chini ya ukingo, Mama Digidigi akainamisha kichwa shimoni. Akanywa, akanywa tena. Jioni akajilaza, mtoto akanyonya, na safari hii hakuacha.

Jumapili Kiboko akaruka. Chubwi, pwaa, fyuuu. Chubwi, pwaa, fyuuu. Lakini jua lilipoanza kushuka alisimama.

"Wewe Sange. Jana maji yalinifika masikioni. Leo yananifika shingoni. Kuna nini hapa?"

Sange alikuwa amefikiria mambo mengi, lakini hilo hakulifikiria. Chini ya ukingo Ngiri aliacha kunywa, akabana pumzi. Mama Digidigi akamkinga mtoto wake. Sange akapeleka pua huku, akapeleka pua kule.

"Bwana Mkubwa, mtoto akisimama mlangoni, mwaka huu kichwa chake kiko chini ya komeo. Mwakani kiko juu ya komeo. Je, mlango umeshuka?"

"Mlango haushuki."

"Basi kapanda nani?"

Kiboko alifikiri. Kwake haikuwa kazi ya haraka. "Mtoto."

"Na hapa, kati yako na maji, kapanda nani?"

"Mimi," akasema Kiboko. Kisha akalisema tena, polepole. "Mimi nimepanda. Nimerefuka."

Toka siku hiyo hakuhitaji kuhimizwa.

Jumatatu aliruka katikati ya kikao, maji yakamfika kifuani. "Nimerefuka," akasema, na kikao kizima kikakubali. Jumanne aliruka badala ya kufikiri, maji yakamfika tumboni. "Nimerefuka." Jumatano aliruka kabla hajamaliza mwayo wa kwanza, maji yakamfika magotini. "Nimerefuka." Na kwa kuwa mazoezi yanataka chakula, alikula matete ya ukingo wa kaskazini, akala ya ukingo wa kusini, akawa mnene kuliko alivyokuwa Jumamosi. Lakini unene hakuupima. Alipima kimo tu.

Alhamisi maji yalimfika kwenye kwato.

"Sange, nimerefuka mpaka najiogopa. Huyo kijana wa Mkunguni atanitazama kutoka wapi?"

"Kutoka chini, Bwana Mkubwa."

"Vizuri. Asogee nyuma kwanza, asije akaumia shingo."

Ijumaa Kiboko akaruka. Hapakuwa na chubwi, wala pwaa. Palikuwa na pwata, na matope yakamshika miguu. Akaruka tena. Pwata. Jua lilikuwa limempiga mgongoni tangu asubuhi, na ngozi yake ilianza kupasuka kama udongo wa chungu kibichi. Akamwita Sange. Sange alikuwa amepanga foleni ya maji.

Aliyekuja ukingoni ni Ngiri, kidevu kikiwa kimelowa. Ngiri ana sura mbaya, lakini hajui kusema uongo.

"Mzee Kiboko, maji yako huku chini. Umeyaleta mwenyewe, kwa kuruka kwako, nasi tunashukuru. Njoo unywe. Utakaa nyuma ya Kobe, lakini utakunywa."

Kiboko akajikokota mpaka ukingoni, akachungulia. Akaliona shimo limejaa mpaka juu. Akamwona Swala anakunywa, Pundamilia anakunywa, Nyani anakunywa. Mtoto wa Digidigi alikuwa akikimbia kumzunguka mama yake. Kiboko alielewa. Msidhani hakuelewa. Koo lake lilikuwa kavu kama pumba, na hatua za kwenda kwenye maji zilikuwa kumi na mbili, zote za mteremko.

"Nikiingia humo," akauliza, "yatanifika wapi?"

Ngiri akapima kwa macho. "Masikioni, Mzee."

"Masikioni."

"Ndiyo. Kama zamani."

Wanyama wote wakaacha kunywa, wakamtazama. Walikuwa wameanza kusogea ili wampishe. Kiboko akaitazama miguu yake, iliyokuwa wazi yote, kuanzia juu mpaka chini, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Akageuka. Akarudi katikati ya matope, akasimama wima.

"Kunyweni," akasema. "Mimi sirudi kwenye ufupi."

Jioni matope yalimkaukia miguuni. Ngiri alimwita tena, na mara ya tatu. Kiboko alikuwa ameinua pua juu kabisa, ili asipoteze hata kidole kimoja cha kimo chake.

Wanangu, funzo la hadithi hii liko wazi. Mazoezi ni afya. Mtazameni mtoto wa Digidigi: kwa juma moja tu la mazoezi makali alisimama, akanona, akakimbia, na yeye hakuruka hata mara moja. Kwa hiyo kila mmoja wenu apange juma lake vizuri. Na asiye na nafasi ya kuruka mwenyewe, amtafute mkubwa mwenye shughuli nyingi, amkabidhi.

Hadithi yangu inaishia hapo. Utamu wake uchukueni nyinyi, chumvi yake niachieni mimi.