Pengo Lililotembea Chini ya Mji

Fundi mmoja wa mawe alikuwa na dada, na wote wawili waliachiwa na baba yao kazi moja, nayo ni kulinda Kinywa. Fundi aliitwa Malogo. Dada yake, aliyemzidi miaka sita, aliitwa Nyemo. Mji wao ulikuwa katika nchi kavu, nchi ya mvua ya miezi mitatu na jua la miezi tisa, na haukuwa na ziwa wala mto wa kudumu. Ulikuwa na visima tu. Lakini visima vile havikukauka hata katika miaka ya njaa, na wageni walipotaka kujua siri yake, watu waliwaonyesha kwa kidevu upande wa mashariki, kilikokuwa Kinywa.

Kinywa kilikuwa uwanja mpana wa mchanga, mwendo wa nusu siku kutoka mjini. Mto wa msimu ulipofurika, maji yaligeuzwa kwa mfereji yakaingia uwanjani, yakasimama siku chache, kisha yakazama. Huko chini yalianza safari ya kuelekea mjini, polepole sana, safari ya miaka arobaini. Walioanzisha mji walilijua hilo, ndiyo maana walichimba mashimo saba membamba ya kusikilizia, yamepangana njia nzima kutoka Kinywa hadi mjini, kila moja mbele ya mwenzake kwa mwendo wa maji wa miaka mitano. Mtu alidondosha kokoto shimoni, akatega sikio. Kokoto ikilia majini, alijua maji yapo, yanapita. Na kila mwaka mafuriko yalipokwisha kuzama, watu wa kila nyumba walikwenda na majembe kukwangua tope laini lililobaki juu ya mchanga, unene wa kidole kimoja, ili Kinywa kisizibe. Kazi hiyo waliifanya kimya, bila nyimbo. Aliyekwangua alijua kwamba maji yale hatayanywa yeye. Na yale aliyokunywa asubuhi kabla ya kutoka nyumbani yalizamishwa na watu ambao wengi wao walikuwa makaburini.

Malogo hakuipenda kazi hiyo. Alikuwa fundi hodari, mtu wa kujenga ukuta leo na kuuegemea kesho, na kila mwaka alipoyatazama maji yakizama roho ilimuuma. Aliona yanapotea. Msimcheke, maana sijui ni nani kati yetu anayeweza kutazama kitu chake kikitoweka mbele ya macho yake na akaita hiyo akiba. Mwaka ambao mke wake alimzaa binti yao, Mbumi, Malogo alisimama mbele ya watu akasema, "Jamani, tuna akili kweli sisi? Tuna kiu, tunaletewa maji hadi mlangoni, tunayamwaga mchangani!" Watu wakatazamana, wakaona amesema kweli. Nyemo alipinga mpaka sauti ikamkauka, wakamwambia ana kichwa kigumu. Kiangazi kile mafundi waliifunika sakafu yote ya Kinywa kwa udongo wa mfinyanzi, wakaushindilia, wakapiga saruji juu yake. Mvua ziliponyesha, mji ukapata ziwa.

Lilikuwa ziwa zuri, sitawaficha. Watu walikwenda kulitazama Jumapili, na maharusi walipigwa picha ukingoni. Na visima vya mjini vilijaa vilevile. Mwaka wa kwanza vilijaa, na wa pili, na wa tatu, na watu wakamtania Nyemo sokoni, "Dada Nyemo, huo ukavu wako umepotelea wapi?" Hakuna aliyejiuliza anakunywa maji ya nani. Walikunywa maji ya miaka arobaini iliyopita, na jambo walilolitenda wao lilikuwa limeshaondoka Kinywani, liko njiani, linakuja.

Walitenda na jambo la pili. Katika njia ile ya maji, ukipita nusu yake kuja mjini, palikuwa na ukanda mwingine wa mchanga ambao wazee wa kwanza waliuacha mtupu na kukataza mtu yeyote asijenge. Waliuita Kinywa cha Pili, wakauweka kwa ajili ya siku ambayo kile cha kwanza kitashindwa kazi. Watu wakasema, sasa tuna ziwa, pale pamekaa bure. Wakagawana viwanja. Malogo alikuwa wa kwanza kujenga, nyumba ya mawe yenye sakafu nyeupe, akatangaza kwamba ni ya Mbumi. Nyumba zikafika arobaini, na mtaa ukaitwa Mchangani. Shimo la tano la kusikilizia likajikuta ndani ya ua wa Malogo, na mke wake akalifunika kwa sinia.

Mwaka wa tano Nyemo alikwenda peke yake kwenye shimo la kwanza, akadondosha kokoto. Hakusikia maji. Hakusikia hata kokoto ikigonga chini. Akadondosha nyingine, akangoja, na alipoinamisha uso ili asikie vizuri, nywele zake zilivutwa kuelekea ndani. Shimo lilikuwa likivuta pumzi. Asubuhi yote lilivuta, likameza unyoya wa ndege na majani makavu yaliyokuwa karibu, na alasiri likaanza kutoa hewa ya vuguvugu yenye harufu ya mtungi uliokaa muda mrefu bila maji. Alirudi mjini akasema, watu wakamjibu kwamba hilo ni shimo la porini, halimnyweshi mtu. Mwaka wa kumi shimo la pili nalo likanyamaza na kuanza kupumua.

Kufikia wakati huo ziwa lilikuwa limeharibika. Jua lilikuwa limelinywa kutoka juu, na yaliyobaki yakawa ya kijani na ya chumvi, ng'ombe wakiyanusa wanageuka. Hapo ndipo watu walipoingiwa na hofu. Walikwenda na nyundo wakaivunja ile sakafu, Malogo akiwa pamoja nao, na Kinywa kikaanza kumeza tena. Baada ya miaka mingine mitano kokoto ililia katika shimo la kwanza. Vigelegele vilipigwa mji mzima, watu wakakumbatiana, wakasema yamekwisha.

Siku zilezile za vigelegele, shimo la tatu lilinyamaza. Kisha la pili likajaa, na la nne likanyamaza. Nyemo aliyafuata mashimo yale moja baada ya jingine kwa miguu yake, na alipoelewa alikaa chini. Ile miaka kumi ambayo hawakuzamisha kitu haikufutika kwa sababu wao wamejuta. Ilikuwa chini ya ardhi, pengo la miaka kumi. Mbele yake yalitembea maji ya wazee wao, nyuma yake yalitembea maji ya majuto yao, na lenyewe lilikwenda katikati kuelekea mjini kwa mwendo uleule wa maji. Halikukimbia, wala halikusimama.

Mwaka wa ishirini na tano lilifika Mchangani. Milango iliyofungwa vizuri siku zote ikaanza kufunguka yenyewe, taratibu, mchana kweupe, wala hapakuwa na upepo. Maji ndani ya bakuli yalikaa upande. Mbwa wa mtaa walilala adhuhuri wametega sikio moja ardhini, vichwa vyote vimeelekea mjini, na kila wiki walilala hatua chache mbele ya pale walipolala wiki iliyopita. Sinia lililofunika shimo uani kwa Malogo lilitetemeka kila asubuhi, na siku moja walilikuta limebonyea katikati kwa kuvutwa. Watu wa mtaa ule wakaanza kuongea kwa sauti ya chini na kuvua viatu ndani ya nyumba zao, kama watu wanaouguza. Hakuna aliyemwuliza mwenzake kwa nini.

Nyemo alikuwa mzee sasa. Aliwaita watu katika ua wa ndugu yake, akawaeleza bila kupamba. Pengo lipo chini ya miguu yetu, alisema, na litachukua miaka kumi kupita hapa. Kutoka hapa hadi mjini ni mwamba, hakuna tena mahali pa kuzamisha maji. Tukikifungua Kinywa cha Pili, tunaweza kulijaza likiwa linapita. Tukiliacha lipite, baada ya miaka kumi na mitano visima vya mjini vitanyamaza, na vitanyamaza miaka kumi mfululizo. Ili kukifungua, nyumba zote arobaini lazima ziondoke.

Watu wakainamisha vichwa. Kisha jirani mmoja akacheka kidogo, akasema, "Shangazi, miaka kumi na mitano! Mpaka hapo serikali si itakuwa imeshatuletea bomba?" Mwingine akasema tungoje kwanza tuone, huenda likapotea njiani. Mwingine akasema nyumba yake ameimaliza juzi, hata rangi haijakauka. Macho ya Malogo yalikuwa yameganda kwenye sakafu yake nyeupe, iliyoonekana kupitia mlango ambao ulikuwa umejifungua tena.

Mbumi alikuwa ameketi kando ya shimo. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, na mimba yake ilikuwa katika siku za mwisho. Alikuwa ameliondoa lile sinia, na shimo likivuta, na pindo la kanga yake lilikuwa limeingia ndani likanyooka kuelekea chini, na yeye hakulitoa. Aliliacha baba yake alione. Kisha akasema, "Baba, umenijengea nyumba juu ya maji ya mwanangu."

Malogo aliinuka, akachukua mtaimbo uliokuwa nyuma ya jiko, akaingia ndani. Watu waliokuwa uani walisikia pigo la kwanza. Alianza na chumba cha Mbumi. Alivunja huku akilia kwa sauti, mwanamume wa miaka hamsini na mitano, fundi aliyejulikana mji mzima, na hakujali nani anamwona. Mvua zilipokaribia, nyumba ile ilikuwa imekwisha kubebwa jiwe kwa jiwe, na mchanga wake ulikuwa wazi. Majirani kumi walifuata, wengine kwa hasira, mmoja akimtukana Malogo kila alipopiga nyundo. Waliobaki, wenye nyumba ishirini na tisa, walifunga madirisha wakasema watafikiri.

Mto ulipofurika, maji yaliletwa kwa mfereji hadi katika vile viwanja kumi na kimoja. Yalisimama kati ya nyumba za watu, na watu walichungulia kupitia mapengo ya madirisha. Kisha yakazama, na kutoka chini ikaja sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, sauti ya koo linalokunywa bila kupumzika. Ilidumu siku tatu, usiku na mchana. Mama waliwaziba watoto masikio. Siku ya nne ikakoma, na Nyemo akaenda kwenye shimo akadondosha kokoto mbele ya wote. Wakangoja sana. Mbali kabisa, kule chini, ikalia.

Wiki ile Mbumi alijifungua. Na tangu hapo Malogo huenda kila mwaka na jembe, anakwangua tope mahali palipokuwa chumba cha binti yake, na wale majirani kumi wanakwangua pembeni yake. Lakini viwanja kumi na kimoja haviwezi kumeza kinachotakiwa kumezwa na arobaini. Pengo limepungua, na halijaisha. Katika zile nyumba zilizosimama milango bado inajifungua mchana, na wenyewe huiegemeza viti, wakaketi kula.

Mnataka kuniuliza kama yule mtoto alipata maji ya kunywa. Sijui, kwa kuwa miaka kumi na mitano haijatimia, na nyumba ishirini na tisa bado zimesimama pale. Kwani nyinyi mnakaa mtaa gani?