Kadi ya Pili ya Atupele

Sogeeni, wenye masikio na wenye midomo. Leo sitaki watu wa kuitikia tu, nataka watu wa kuamua. Kesi hii imenishinda mimi mwenyewe, na wala sioni aibu kulisema hilo. Nimelala nayo, nimeamka nayo, nimeipeleka hadi kwa kinyozi wangu, naye akanikata vibaya kwa kuwaza.

Katika chuo kikuu kimoja cha nyanda za juu, kule ambako mwezi wa saba wanafunzi huingia darasani wamevaa makoti, walikuwapo watu watatu wenye vipaji.

Wa kwanza ni Bi Hidaya, mhudumu wa kaunta ya maktaba kwa miaka ishirini na miwili. Kipaji chake ni kukumbuka. Ukimwambia, "Shikamoo Bi Hidaya, naomba kile kitabu cha takwimu chenye jalada la kijani," atakujibu, "Marahaba. Unataka chenye doa la chai ukurasa wa nne, au kile ambacho mwenzio alichorea moyo na jina la mchumba?" Kompyuta ya maktaba ilikuwa inajua nani kaazima nini. Bi Hidaya alikuwa anajua na siku hiyo umevaa nini.

Wa pili ni Sekela, mwanafunzi wa kilimo, binti mwenye akili nyingi na haraka nyingi zaidi. Kipaji chake ni kuficha. Msishangae, pale chuoni ni kipaji kama vipaji vingine. Kitabu kikiwa kimoja na wanafunzi tisini, na mtihani uko mlangoni, mjanja hakiazimi, kwa sababu cha kuazima lazima kirudi baada ya wiki mbili. Mjanja hukitoa kwenye rafu yake na kukipeleka rafu nyingine asikopita mtu, ili kila akija akikute kinamngoja peke yake. Wenyewe wanaita kuzika kitabu. Wengine walikuwa wanazika nyuma ya kamusi, wakafukuliwa siku hiyohiyo. Alichozika Sekela hakikuwahi kufukuliwa na mtu.

Wa tatu ni mzee Kalolo, fundi jalada, mwenye karakana ndogo nyuma ya maktaba yenye harufu ya gundi. Kipaji chake ni kuunga. Kitabu kilichochanika, kilicholiwa na panya, kilichokaliwa na mtu mnene kwenye basi, vyote viliingia kwake vikiwa marehemu vikatoka vinasomeka.

Basi palikuwa na mwanafunzi aitwaye Atupele, mama wa miaka thelathini na sita, aliyekuja kusomea kilimo akiwa tayari ana mikono ya shamba. Kata ya kwao haikuwa na afisa kilimo kwa miaka sita, na viazi vilikuwa vinanyauka mashambani watu wakiangalia. Nafasi hiyo alishawekewa yeye, mradi ahitimu mwaka huo. Asipohitimu, wangemtafuta mwingine, na huyo mwingine angekuja lini hakuna aliyejua. Mitihani alifaulu yote. Kilichobaki kilikuwa karatasi moja tu, ile fomu ya kuondokea chuoni, ambayo kila ofisi inagonga muhuri kuthibitisha kwamba huna kitu chao.

Bweni wakagonga. Maabara wakagonga. Jumatatu asubuhi akafika maktaba akiwa anaimba kimoyomoyo.

Mkutubi mkuu, Daktari Nyirenda, akatazama kompyuta, akatazama fomu, akaishusha mezani bila muhuri.

"Una kitabu chetu. Kile cha magonjwa ya viazi."

"Nilikirudisha, daktari. Mwaka jana, mwezi wa tatu."

"Stakabadhi ya kurudishia?"

"Siku ile umeme ulikuwa umekatika. Niliandikwa kwenye daftari."

"Daftari likishaingizwa kwenye kompyuta huchanwa, na kompyuta inasema kitabu kiko kwako." Akavua miwani. Msimchukie, hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kanuni. "Nakala tuliyonayo ni hiyo moja, na hakichapwi tena. Siwezi kukwambia ununue kingine. Kirudi chenyewe. Orodha ya wahitimu inafungwa Ijumaa saa kumi jioni."

Atupele akatoka nje, akakaa kwenye ngazi za maktaba, akalia kama mtoto, mbele za watu, bila hata kujifunika uso. Ningekuwa mimi ningelia hivyohivyo.

Bi Hidaya alikuwa amekwenda kumuuguza dada yake. Aliporudi Jumanne na kusikia habari, akaacha mkoba kwenye kaunta na kuingia ofisini kwa mkubwa wake.

"Yule mama alikirudisha. Ilikuwa Alhamisi, mvua inanyesha, kakifunga kwenye mfuko wa mbolea kisilowe. Nilikipokea mimi, nikakiandika kwenye daftari mimi, na umeme uliporudi nikaingiza mimi. Nimeruka mstari, daktari. Kosa ni langu."

"Bi Hidaya, kumbukumbu si ushahidi."

"Basi nitaiandika iwe ushahidi."

Akaandika barua, akakiri kosa, akatia saini kwamba kitabu kisipopatikana lawama ziwe juu yake. Sasa jueni kwamba mwezi uleule Bi Hidaya alikuwa apandishwe kuwa msimamizi wa kaunta. Barua ile ikaingia kwenye faili lake, na cheo kikaenda kwa mwingine, aliyefika maktaba juzi na bado anauliza choo kiko wapi. Lakini kwa ajili ya barua ile, Daktari Nyirenda alikubali kwamba kitabu kiko ndani ya jengo, akaamuru kitafutwe, na tangazo likabandikwa mlangoni. Akasema kikionekana kizima kabla ya Ijumaa saa kumi, atagonga muhuri.

Wakatafuta rafu za kilimo zote. Hakipo.

Jumatano asubuhi Sekela akapita mlangoni, akasoma tangazo, akalisoma tena. Kitabu kile alikizika yeye kabla ya mtihani wa mwaka uliopita, akasoma, akafaulu kwa alama za juu, akasahau kukifukua. Hakuna aliyemwona. Angeweza kwenda zake kunywa chai. Na adhabu ya kuzika kitabu aliijua vizuri: kufungiwa maktaba muhula mzima. Naye ndiyo kwanza anaingia mwaka wa mwisho, ana utafiti wa kuandika.

Alizunguka jengo mara tatu. Mara ya nne akaingia, akamkuta Atupele amepiga magoti anachungulia chini ya rafu kwa tochi ya simu.

"Dada, inuka. Hakipo huko."

"Unajuaje?"

"Nimekificha mimi."

Atupele akainuka, akazima tochi. Alitaka kumpiga kofi, na baadaye alikiri hivyo mwenyewe. Kisha akasema tu, "Nipeleke."

Wakashuka chumba cha chini, nyuma ya majuzuu ya kumbukumbu za vikao ambavyo hata waliohudhuria hawakutaka kuvikumbuka. Sekela akapenyeza mkono, akakitoa. Kitabu kilikuwa kizito kuliko kawaida. Bomba la maji lilikuwa likivuja ukutani, nani ajuaye tangu lini, na kurasa mia mbili na kumi na mbili zilikuwa zimegandana kuwa tofali moja.

Sekela akakipeleka mwenyewe kwa Daktari Nyirenda na kueleza yote. Palepale akafungiwa maktaba. Daktari akajaribu kukifungua kitabu, kikakataa.

"Kitabu kisichofunguka hakijarudishwa," akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mtu anayeumia. "Nimesema kizima."

Ikabaki karakana ya mzee Kalolo. Walimkuta amevaa suti, kofia mkononi. Kesho yake Alhamisi wageni wangefika nyumbani kwake, safari ya saa tano kwa basi, kuleta barua ya posa ya binti yake wa pekee, na baba ndiye hupokea. Akakichukua kitabu, akakinusa, akakigongagonga mgongoni.

"Kinapona?" Atupele akauliza.

"Kinapona. Lakini si leo, wala si kesho. Ukurasa mmojammoja, kwa ubapa wa mwanzi na karatasi ya kunyonya maji. Ukiharakisha unachana."

"Mzee, basi lako linaondoka saa ngapi?"

"Saa nane."

Atupele hakumwomba, na hilo nalisema ili haki itendeke. Mzee Kalolo alitazama kitabu, akatazama saa, kisha akavua koti la suti na kulitundika msumarini. Akampigia simu mdogo wake: "Kesho kaa kiti changu. Mwambie binti baba yake anampenda, na kwamba amekwama kazini." Upande wa pili wakasema mengi. Aliyasikiliza yote.

Alhamisi nzima alibandua. Ijumaa asubuhi akazikausha kurasa, mchana akazishona, akavika jalada jipya. Saa tisa na nusu Atupele aliingia ofisini kwa Daktari Nyirenda na kitabu amekikumbatia. Daktari akafungua ukurasa wa kwanza, wa hamsini, wa mia mbili. Akasoma mistari miwili kwa sauti, kuhusu mnyauko wa viazi. Akachukua muhuri na kugonga kwa nguvu hadi kikombe chake kikaruka.

Atupele alihitimu! Kule ngazini alikolilia Jumatatu, Ijumaa walimkuta anacheza peke yake, na waliopita wakaungana naye bila kuuliza sababu.

Mngedhani hadithi imekwisha. Hapa ndipo mgogoro wenyewe unapoanzia.

Ukumbi wa mahafali pale chuoni ni mdogo, na kila mhitimu hupewa kadi mbili tu za wageni. Bila kadi huingii, hata uwe mfanyakazi wa chuo. Ya kwanza Atupele aliandika jina la mama yake, na hapo hakuna mjadala. Ya pili ikabaki tupu. Akawaita wote watatu karakanani na kuiweka mezani, katikati ya makopo ya gundi.

Kwanza wakaanza kusukumiana kwa heshima, mnajua watu wetu. Mpe huyu. Hapana, mpe yule. Kisha Bi Hidaya akachoka na adabu.

"Mimi nitasema kweli. Miaka ishirini na miwili nimeazimisha vitabu, na siku ya mahafali maktaba huwa wazi, mimi niko kaunta. Nasikia vigelegele tu kupitia dirishani. Nilipoteza cheo ili nikuamini, tena kabla mtu yeyote hajakuamini. Nataka kuingia."

Mzee Kalolo akakohoa. "Nimejalidi tasnifu za watu zaidi ya elfu mbili. Sijaona hata mwenye nayo mmoja amevaa joho. Na kati yetu hapa, samahanini, ni mimi peke yangu niliyelipia kosa nisilolifanya. Sikuruka mstari. Sikuzika kitabu. Siku ya binti yangu hairudi tena."

"Lakini mzee," Bi Hidaya akasema, "kuunga vitabu ndiyo kazi yako. Kuweka saini juu ya kosa langu haikuwa kazi yangu."

Sekela alikuwa amesimama karibu na mlango. "Najua mnavyoniona. Mimi ndiye niliyeleta balaa. Ila kumbukeni, hawa wawili kila mtu alijua wanafanya jema, walisifiwa. Mimi nilijua nitachukiwa, na hakuna aliyekuwa ananitafuta. Ningenyamaza tu, barua ya Bi Hidaya isingekuwa na kitabu, na mwanzi wa mzee usingekuwa na ukurasa." Akafuta macho kwa kiganja. "Muhula huu nasomea kwenye benchi nje, wenzangu wananiazimia. Ningependa kuona nilichokiharibu kikimalizika vizuri."

Mkiniuliza mimi, nilipomsikiliza Bi Hidaya nilimpa kadi. Nilipomsikiliza mzee nikamnyang'anya Bi Hidaya. Na yule binti aliposema, nikatamani ukumbi ungekuwa mkubwa zaidi. Lakini ukumbi ni uleule, na majina yanapelekwa ofisini leo kabla ya adhuhuri.

Atupele ameshika kalamu. Simu yake imelia, ni mama yake kutoka kijijini, ameshafungasha, ana furaha hata maneno yanamkwama. Anauliza swali moja tu:

"Mwanangu, humo ukumbini nitakaa na nani?"

Mama anangoja kwenye simu. Haya, nyinyi mlioketi hapa, mjibuni: atakaa na nani, na kwa nini si wale wengine wawili?