Ua Usio na Mwanya

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama walipokuwa na mji wao, baraza lao na mihuri yao, palikuwa na kisima kimoja tu, cha wote. Nyati akakitamani.

"Nataka kukizungushia ua," alimwambia Bi Nguchiro, aliyekuwa akiwaandikia wenzake barua za maombi kwenye kibaraza cha ofisi ya mji. "Andika!"

Nguchiro akaweka kalamu chini. Alikuwa na watoto wanne, na maji yao yalitoka kisimani humo.

"Sheria inaruhusu ua wa kufika kifuani tu, mzee. Tena si kwenye ardhi ya umma."

"Ndiyo maana naomba kibali, mjinga wewe! Mimi na Tembo mwenyekiti ni chanda na pete. Andika: urefu mara tatu ya sheria. Andika: magogo ambayo hata Tembo hawezi kuyang'oa!"

Nguchiro akajitazama kiuno, akacheka. "Hi hi hi! Sawa, mzee. Ila mimi ni mwembamba. Ukiacha mwanya wa kidole tu, mimi na wanangu tumo ndani."

Nyati akapiga kwato chini, kishindo! "Ahaa! Basi andika: pasiwe na mwanya wowote, pande zote nne. Na mtu asiguse gogo bila kibali kingine!"

"Nikusomee?"

"Nimesema mwenyewe, nisomewe nini? Lete nitie sahihi!"

Tembo akagonga muhuri bila kusoma, na tangazo likabandikwa mlangoni mwa ofisi siku saba, ili mwenye pingamizi aseme. Swala akamjia Nguchiro akilia.

"Dada, wewe ndiye unayejua maneno ya ofisi. Pinga!"

"Nyamaza, mdogo wangu."

"Kumbe umehongwa!" Swala akatema mate, akaenda zake.

Neno hilo lilimchoma Nguchiro. Angemweleza, lakini mji ule ulikuwa na masikio mengi mno.

Siku ya sita Nyati akasimama mbele ya tangazo, akalikodolea macho. Nguchiro akainamia karatasi zake.

"Muhuri umekaa upande," Nyati akanung'unika, akaondoka.

Siku ya nane mafundi Nyani wakaanza kazi. Desturi ya mji ilikuwa hii: aliyepewa kiwanja husimama ndani mpaka gogo la mwisho lifungwe, la sivyo kiwanja si chake. Nyati akasimama katikati, kifua mbele. Gogo, ngo! Gogo, ngo! La mwisho, ngo! Nyani wakateremka kwa nje, wakaondoa ngazi.

Kisha sauti ikatoka ndani: "Mlango uko wapi?"

"Barua haina mlango, mzee," akajibu Nyani mkubwa. "Mlango si ni mwanya?"

"Bomoeni!"

"Mpaka kibali kingine."

Nyati akaupiga ua kwa pembe, gubu! gubu! Wapi! Magogo aliyachagua mwenyewe.

Nguchiro akasogea. "Niandike barua ya kubomoa, mzee? Ua wote, na kisima kibaki cha wote?"

"Sikubali! Mtakufa kiu kwanza!"

Jua likapanda. Nguchiro aliwaza midomo mikavu ya wanawe, na hofu ikamshika kweli. Je, kama amekosea hesabu? Lakini ndani maji yalikuwa tele, na jani hakuna hata moja. Alasiri tumbo la Nyati likaanza kusikika mpaka nje: ngurrr!

Ndipo Tembo akaja kunywa, kama kawaida yake. Akazunguka ua mara tatu, asione pa kupita.

"Nani kaidhinisha upuuzi huu?"

"Wewe, mheshimiwa," akasema Nguchiro.

Tembo akakohoa. "Nyati! Unakubali ubomolewe?"

Ngurrr! "Nakubali," akajibu Nyati kwa sauti ndogo.

"Tangazo tulibandike siku saba?" akauliza Nguchiro.

"Siku saba nitakunywa nini mimi?" Tembo akagonga muhuri palepale, ta!

Nyani wakarudi na ngazi, wakayafungua magogo moja moja. Nyati akatoka kichwa chini, akaenda moja kwa moja majanini. Swala akachota kibuyu cha kwanza, akampelekea Nguchiro kwa mikono miwili.

"Nisamehe, dada."

"Wape watoto kwanza," akasema Nguchiro, na machozi yakamtoka.

Basi, wanangu: anayewafungia wenzake njia, aangalie kwanza yeye amesimama upande gani.