Gauni la Bihogo

Wahenga walituonya tusitukane wakunga na uzazi ungalipo. Maana yake, usimdharau leo yule utakayemhitaji kesho. Na si mtu peke yake, hata ndege.

Mzee Lwakatare wa Muleba, au Ta Lwakatare kama walivyomwita kwa heshima, alikuwa na ng'ombe mmoja tu, Bihogo, mwenye mimba yake ya kwanza. Bila samadi ya Bihogo, migomba ya kibanja ingekonda kama mwanafunzi wa bweni. Kwa hiyo alimlinda kama mboni ya jicho, na maadui zake wakubwa walikuwa shashi, ndege wadogo wanaotua mgongoni mwa ng'ombe.

"Wezi hawa! Wanamnyonya damu!" alifoka.

"Wanakula kupe wake, Ta Lwakatare," alisema mkewe, Klaudia.

"Ukiwapenda, wape mgongo wako!"

Akasuka majani makavu ya mgomba, akamvika Bihogo gauni kutoka shingoni hadi mkiani.

"Waitu, jamani, bibi harusi anatoka lini?" aliuliza jirani yao, Immakulata. Kijiji kizima kilicheka. Shashi wakahama, kupe wakapata nyumba yenye paa.

Siku moja alfajiri Bihogo alikata kamba, akaenda rweya, mbuga ya nyasi nje ya kijiji, kutafuta pa kuzalia. Kilikuwa kiangazi; nyasi na gauni vilikuwa rangi moja. Lwakatare alizunguka hadi jua la utosi. Mtamba azae peke yake? Angewakosa wote wawili. Na aliyemficha ni yeye mwenyewe, kwa mikono yake!

"Bihogo we!" aliita kwa sauti ya kilio.

Kundi la shashi likaruka kutoka nyuma ya kichaka cha miiba, likazunguka, likatua palepale. Shashi hawatui juu ya nyasi! Mzee alitimua mbio kama kijana.

Bihogo alikuwa amelala, gauni limechanwa na miiba, ndege wamejipanga mgongoni wakidonoa kupe. Kwato mbili za ndama zilikuwa zimechungulia, zimekwama. Kila Bihogo aliposukuma, Lwakatare alivuta. Mwishowe ndama akateleza nje, akapiga chafya.

Klaudia alifika akihema. "Jike?"

"Jike," alijibu mzee, akakaa chini puu, akicheka huku machozi yanamtoka. Shashi walikuwa wameruka; mmoja akarudi mgongoni mwa Bihogo. Lwakatare akavua kofia.

"Karibu, mama. Kula ushibe."

"Mbona humfukuzi?" Klaudia alimchokoza.

"Nyamaza, mke wangu. Mwakani Bihogo atazaa tena, na usitukane wakunga na uzazi ungalipo."