Nungunungu na Kicheko cha Pimbi

Hadithi ninayo. Niitoe nisiitoe?

Itoe, tuisikie!

Hapo zamani za kale, kabla bibi wa bibi yangu hajazaliwa, Nungunungu na Pimbi walikuwa marafiki. Walichimba mihogo pamoja, wakala pamoja, wakalala pango moja.

Nungunungu alikuwa mpole. Kilichomshinda ni kuchekwa. Akichekwa, masikio humwaka moto, miguu ikapiga chini, miiba ikasimama.

Mama yake aliliona hilo, akamwambia, "Mwanangu, miiba haisimami ghafla. Masikio ndiyo huanza. Ukisikia yanawaka, ondoka, nenda mtoni ukakae mpaka yapoe."

Nungunungu akaitikia, lakini hakulitia moyoni.

Siku moja Kima akamcheka mwendo wake. Masikio yakawaka, miguu ikapiga chini, miiba ikasimama. Kima akaparamia mti, akapona.

Siku nyingine Kanga akamcheka anavyotafuna. Masikio yakawaka, miguu ikapiga chini, miiba ikasimama. Kanga akaruka, akapona.

Siku ya tatu Nungunungu alikuwa ameinama anachimba muhogo. Nyuma yake, Pimbi akacheka.

Masikio yakawaka. Nungunungu akayasikia kabisa. Mto ulikuwa pale pale, wala hakwenda. Alirudi kinyumenyume kwa nguvu, na mwiba ukamwingia Pimbi jichoni.

Pimbi akaanguka, analia. "Sikukucheka wewe," akasema. "Nilimcheka panzi, ameteleza kwenye jani."

Mama Nungunungu akaja mbio, akauchomoa mwiba, akamkanda kwa majani. Jicho halikuona tena.

Nungunungu alilia mpaka sauti ikamkauka. Akawa anampelekea Pimbi mihogo kila asubuhi, anaomba radhi. Mwishowe Pimbi akamwambia, "Nimekusamehe, ndugu yangu. Ila ukinisogelea, mwili wangu unatetemeka, na siwezi kuuzuia."

Akahamia mwambani kwa jamaa zake.

Tangu hapo, Nungunungu akisikia masikio yanawaka, hushika njia ya mtoni. Wanyama humcheka, naye huondoka kimya. Amejua sasa. Lakini kujua kwake hakukumrudishia Pimbi jicho.

Wanangu, hasira hupiga hodi kabla ya kuingia. Kila mtu na ajue kinachomkera, ajisikie mapema, aondoke kabla hajamwumiza ampendaye. Radhi huombwa ikapatikana, lakini jeraha halirudi lilikotoka.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Aliyeisikia aibebe, aende nayo kwao.