Pimbi na Kamera Isiyo na Kioo

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa jabali, na chini yake korongo.

Kuna fumbo moja limenishinda tangu nianze kusimulia: mla nyama anataka picha ya nyama ya nini? Ameila, imekwisha. Lakini Chui alitaka, nami si hakimu wake.

Alimtaka Pimbi, mkaazi wa majabalini, mpiga picha pekee wa pande zile. Kila Chui alipokwenda kuwinda, Pimbi alifuata nyuma, kamera kuukuu shingoni. Ilikuwa kamera ya kioo, yenye kioo kidogo ndani kinachoruka kila ukibonyeza. Kwanza Chui huinyakua, huchungulia mawindo kwa lenzi ndefu, humeza mate, kisha humrudishia mwenyewe. "Haya, nipige."

Chui ananyemelea, Pimbi anabonyeza, kwa-chak, swala hayupo. Chui ananyemelea, Pimbi anabonyeza, kwa-chak, kanga hawapo.

Mwishowe Chui akamwekea ukucha kidevuni. "We mfupi, kamera yako inanilaza njaa."

"Ni kioo, bwana mkubwa. Ndicho kinacholia."

"Basi tafuta isiyolia. Kesho asubuhi tunakwenda kwa jamaa zako, kule ukingoni mwa korongo. Ikilia tena, naanza na wewe."

Pimbi akaenda kwa Kenge, fundi wa kamera.

"Nikupe mpya ya kioo," Kenge akauliza, "au uhamie isiyo na kioo?"

"Hiyo mpya ya kioo inalia?"

"Inalia, ila kwa adabu."

"Na isiyo na kioo?"

"Kimya kama kaburi. Ila ujue, kwenye kioo unachokiona ndicho kilichopo. Hii unachungulia kiskrini. Yaweza kukuonyesha picha ya jana, ukadhani ni sasa."

Pimbi akazipima zote mbili. Ya kioo ingemuua yeye. Ya kimya ingewaua watoto wa dada yake. Akamwomba Kenge arudie lile la picha ya jana.

"Nipe hiyo ya kimya," akasema.

Jioni alimpiga picha binamu yake mnene, aliyekuwa akiota jua nyasini. Kisha akawaambia jamaa zake wote wajifiche mapangoni, wasitoke mpaka awaite.

Asubuhi ukungu ulikuwa umefunika ukingo wote. Chui akaja, akanusa.

"Mbona sioni kitu?"

"Ni ukungu, bwana mkubwa. Kamera hii inaona hadi ndani yake."

Chui akainyakua, akachungulia. Alaa, pimbi mnene, nyasini, mbele yake.

"Yuko karibu?"

"Karibu mno. Ruka tu."

"Mbona hatikisiki?"

"Amekuogopa." Na Pimbi mwenyewe alikuwa akitetemeka kwa niaba ya wawili.

Chui akameza mate, akamrudishia kamera. "Nipige nikiwa hewani."

Akaruka. Pimbi akabonyeza. Kimya. Kimya tena. Halafu, mbali huko chini: pu.

Wanyama wakaja kuitazama picha, na Pimbi akawasimulia hila yake. Chui hewani, makucha wazi, chini yake hakuna kitu. Hakuna aliyecheka.

"Mwanangu," Bi Digidigi akasema polepole, "ulipompiga picha binamu yako jana, alijua?"

"Hakujua, mama."

"Ile ya zamani tulikuwa tukiisikia."

Wakatazamana, kila mmoja akijiuliza amepigwa lini. Wakakata shauri: vitu vipya havina heri, tazameni vilivyomfanya marehemu Chui, mnyama wa watu. Pimbi airudie kamera yake ya kioo, na hii ya kimya itupwe korongoni. Lakini nani aishike? Wote wakarudi nyuma. Basi Pimbi mwenyewe akaibeba hadi ukingoni, akafumba macho, akaiachia.

Ngano yangu imeteremka nayo. Asiyeogopa aifuate.