Muhogo Uitwe kwa Jina la Nani?

Sogeeni. Anayemenya karanga na amenye, lakini masikio aniachie mimi.

Alikuwapo Bibi Somoe wa Namtumbula, mwenye mkono wazi kupita kiasi. Kila aliyeomba mbegu ya muhogo aliondoka na mzigo wa miti kichwani. "Kutoa ni moyo," alisema. Na huko kwao mbegu ya muhogo hainunuliwi, ukipewa, hukatai. Aliowapenda kuliko muhogo ni watu watatu: binti yake Zena, mwenye macho, mwanawe Mponda, mwenye miguu, na mke wa Mponda, Sikujua, mwenye moyo usioyumba.

Mwaka mmoja Bibi alichimba muhogo, akaumenya, akauvunja. Ndani ulikuwa na michirizi ya kahawia, mkavu kama gome. Akachimba mwingine, yale yale. Kwa mbali shamba lilikuwa kijani tupu!

"Nimelogwa," alisema, akaketi juu ya tuta. Muhogo ule ndio uliokuwa chakula cha nyumba nzima.

Zena alishinda shambani siku tatu akipindua majani, watu wakimcheka kwamba anasoma gazeti. Siku ya nne akamwita mama yake. Chini ya jani palikuwa na vidudu vyeupe, vidogo kama chembe za unga.

"Si uchawi, mama. Nzi hawa wananyonya mti mgonjwa, kisha wanahamia mzima na kuuachia ugonjwa. Na sisi tukikata mbegu kwenye mti mgonjwa, tunaupanda ugonjwa kwa mikono yetu."

Bibi alikumbuka mizigo yote aliyogawa. Aliona aibu, akakosa hata pa kutazama.

Sikujua alishika jembe. Aling'oa shamba zima, akachoma. Ukabaki mti mmoja, ulioota karibu na mlango.

"Huu tu, mkwe wangu. Niachie huu."

"Nakupenda, mama, ndiyo maana siuachi." Akaung'oa huku analia.

Majirani walipoleta mbegu zao kwa huruma, alizikataa zote. Wakamwita mwenye kiburi, na kisimani hakuna aliyemtwisha ndoo. Alivumilia, hadi nao walipovunja mihogo yao wakaona michirizi, wakaja wenyewe kuazima jembe lake.

Mponda alifunga safari kutafuta mbegu safi huko juu mlimani, kwenye baridi, ambako nzi wale ni wachache. Alitembea siku sita kwenda na saba kurudi. Mtoni maji yalimfika kifuani, akavuka na mzigo kichwani. Alifika miguu imevimba, akalala palepale uani bila kula.

Mbegu ikapandwa, ikazaa. Bibi alichimba wa kwanza, akauvunja. Mweupe pe! Alipiga vigelegele peke yake shambani.

Sasa, Namtumbula mbegu mpya huitwa kwa jina la aliyeiwezesha, naye ndiye hupewa muhogo wa kwanza kupikwa, na jina hudumu hata mwenyewe akishazikwa. Bibi akawaita wanawe, muhogo wa kwanza kupikwa ukitoa moshi mkononi mwake.

"Mpe Mponda," Zena alisema. "Ndiye aliyetembea."

"Ningeipanda kati ya mihogo migonjwa, si ingeugua?" akasema Mponda. "Mpe mke wangu."

"Ningejuaje cha kung'oa?" akasema Sikujua. "Mpe wifi yangu."

Kisha Mponda akajikuna kichwa. "Mama, kuna jambo sijakwambia. Kule mlimani niliuliza mbegu hii inaitwaje. Wakaniambia, 'Somoe.' Zamani mwanamke wa huku aliolewa kule, akaenda na mzigo aliopewa bure na rafiki yake."

Bibi akajifunika uso kwa kanga. "Lakini mimi ndiye niliyewagawia watu ugonjwa," alisema.

Basi nawauliza ninyi. Aliyeona, aliyeng'oa, aliyebeba, au aliyegawa? Semeni upesi, muhogo unapoa mkononi mwa Bibi. Je, wewe ungempa nani?